Dawa Mbili za Anko

Mamangu alizifunga tembe mbili kwenye kipande cha tishu, akakunja kingo zake kwa makini kama anavyokunja pindo la sketi, kisha akanipa pamoja na chupa ya uji.

"Anko akifika nusu kikombe ndipo umpe," akasema. "Sista asione. Akiuliza, sema ni vitamini."

Mlangoni palikuwa na mteja na mtoto wa kupimwa kaptula. Nilisimama na ile tishu mkononi nikiwaza ni vitamini gani hiyo ya rangi ya machungwa ambayo mtu mzima hupewa kwa kujificha. Sikuuliza. Ilikuwa wiki ya kufungua shule, na nusu ya akina mama wa mtaa wa Ngoingwa walikuwa wamegundua siku moja kwamba watoto wao wamekua. Mamangu hushona sare katika duka lake. Wiki hiyo hakuweza kutoka kwenye cherehani hata kwenda kunywa maji, sembuse kwenda hospitalini saa ya kuona wagonjwa.

Mimi ndiye niliyekuwa na muda. Nilikuwa nimemaliza chuo na digrii ya ununuzi na ugavi, nikiishi Kiuu kule Ruiru katika chumba nilichogawana na rafiki, nikituma barua za kazi asubuhi na kuzisoma tena mchana ili nione nilipokosea. Mimi ni mtu wa kuandika "Sawa." kwenye simu halafu nikae saa nzima nikijiuliza kama ile nukta imeonekana kama hasira. Kwa hivyo yeyote anayenijua angeshangaa kusikia kwamba ni mimi niliyepewa kazi ya kuingiza dawa wodini kwa siri.

Lakini nyumbani kwetu nina cheo. Mimi ni binti wa pili, na kwetu binti wa pili hupewa jina la nyanya mzaa mama. Shosho, yaani huyo nyanya, alikuwa amefariki kabla sijazaliwa, basi mamangu na mdogo wake wa kiume waliponiangalia nikiwa mchanga waliona mama yao amerudi. Hadi leo hawaniiti kwa jina. Huniita Maitu, mama yangu. Nikiwa darasa la kwanza, huyo mdogo wake, Anko, alikuwa akija kunishtakia mbele ya wageni: "Maitu, ona huyu msichana wako ananinyima sukari," akimaanisha mamangu, na mimi nilitakiwa kutoa uamuzi. Nilikuwa nautoa. Hata wakati huo nilikuwa naufikiria sana kwanza.

Anko ana ugonjwa wa akili. Naandika hivyo waziwazi kwa sababu nyumbani hatukuwahi kulisema neno hilo. Tulisema tu "kichwa". Kichwa kiko sawa, kichwa kimesumbua. Nakumbuka, kabla hajapata dawa iliyomfaa, siku moja aliibeba redio kwa adabu, akaiweka nje ikitazama ua, kisha akarudi kukaa. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Wanaongea wote pamoja, Maitu. Sijui nijibu nani." Hakuwa akitisha. Alikuwa amechoka, kama mwenye nyumba ambaye wageni wamekataa kuondoka. Halafu zikapatikana zile tembe za jioni. Zilimfanya mzito kidogo, akawa anatembea polepole na kujibu polepole, lakini wageni waliondoka. Kwa miaka mingi sasa amekuwa mtu wa kuchukua maziwa asubuhi, kumwagilia sukuma wiki, na kulala mapema. Siku akikosa tembe zake mara mbili mfululizo, tunaona. Anaanza kugeuza kichwa upande, kama mtu aliyeitwa.

Akiwa anatoka kuchukua maziwa ndipo bodaboda ilimgonga. Mfupa wa paja ulivunjika, ikabidi afanyiwe upasuaji, akawekwa chuma.

Nilikuwepo wakati wa kumlaza. Mwandikishaji alimuuliza mamangu, "Kuna dawa yoyote anatumia?" na mamangu akajibu bila hata kupepesa macho, "Hakuna." Nilimtazama. Hakunitazama.

Sikuhitaji kuelezwa. Miaka iliyopita, nikiwa bado shule, Anko alishikwa na maumivu ya tumbo. Mamangu alimpeleka kliniki moja na akasema ukweli wote: huyu ni kaka yangu, tumbo linamuuma, na anatumia dawa za kichwa. Tangu neno hilo litoke, hakuna aliyemwangalia Anko tena. Walimwongelesha mamangu juu ya kichwa chake. Je, analala? Je, anaona vitu? Anko akasema, "Ni tumbo," na yule mhudumu akamwambia mamangu, "Mara nyingine huwa wanahisi vitu." Wakarudishwa nyumbani. Ilikuwa kibole, kile kiutumbo kidogo, na kilipasuka. Alipona, lakini alikaa hospitali nyingine muda mrefu, na mamangu akajiapia kwamba watu wa hospitali hawatasikia tena habari za kichwa cha kaka yake. Akiwa na uchungu, uchungu wake uaminiwe kama wa mtu mwingine yeyote.

Kwa hivyo wodini walimjua kama mwanamume mpole aliyevunjika paja. Walimdunga mofini, dawa kali ya maumivu, kwa ajili ya mguu. Na kila jioni, bila wao kujua, alipata tembe zake ndani ya saa ya uji.

Siku yangu ya kwanza mambo yalienda vizuri kuliko nilivyostahili. Nilikuwa nimejizoeza njia nzima jinsi ya kumsalimia sista bila kuonekana mwenye hatia, na nilipomfikia akapita bila hata kuniona. Anko alikuwa macho, mdomo umekauka.

"Maitu," akasema. "Umekuja."

Kitanda cha pili alilala mwanamume aliyeanguka kutoka kwenye paa akirekebisha mabati, mikono yote miwili imefungwa plasta. Aligeuza shingo.

"Huyo ni msichana wako?"

"Huyu ni mama yangu," Anko akasema.

Jamaa akanitazama kutoka viatu hadi nywele. "Alikuzaa kabla azaliwe? Hiyo mofini wanakupea ni kali, mzee. Mwambie sista anigawie."

Anko alicheka, akaumwa na mguu kwa kucheka, akafunga macho mpaka uchungu upite. Nilimpa uji. Kikombe kilipofika nusu nikamtilia tembe kiganjani, akazimeza kama mtu anayemeza mate. Nilirudi Kiuu nikijiona jasiri.

Siku iliyofuata hakuniita Maitu.

Alikuwa amelala chali, mdomo wazi, akikoroma kwa mkoromo ambao ulikuwa unaanza, unasimama, unakaa, halafu unaanza tena kama uliosahau kitu. Nilimgusa bega. Nilimwita. Nilimtikisa kidogo, nikaogopa kuutikisa mguu, nikamtikisa mkono. Akafungua macho nusu, akanitazama bila kunijua, akafunga.

"Huyo amelala tangu asubuhi," jirani wa mabati akasema. "Amelala kama amelipiwa. Daktari alipita hapa, akamuuliza swali, yeye akakoroma. Mimi ndio nilijibu."

"Ulijibu nini?"

"Nikasema ako sawa."  Kisha kwa sauti nyingine akaongeza, "Lakini, madam, mimi huwa nalala mchana namsikiliza. Kuna mahali anapumua, halafu hapumui tena mara moja. Nikajiambia mimi si daktari."

Sista alikuja kumpima presha. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sweta ya bluu juu ya sare, na alipoona namba alipima tena.

"Huyu mwili wake ni wa ajabu," akaniambia. "Tunampa kipimo cha kawaida kabisa, hata kidogo, na ona. Presha iko chini, tumbo halijafunguka tangu afanyiwe operesheni, na usingizi ni huu. Kuna watu hawawezi mofini. Nitamwambia daktari tuiondoe, apewe panadol peke yake."

"Panadol peke yake, na chuma kiko kwa paja?"

"Sasa tutafanyaje? Hawezi kukaa hivi." Akaangalia saa yake. "Hii ya saa hii nitampa nusu, alafu daktari aamue."

Akaondoka kuandaa sindano. Nilibaki na chupa ya uji, na tishu mfukoni, na ghafla nikaelewa jambo ambalo lilikuwa wazi siku zote. Si mwili wake uliokuwa wa ajabu. Ni sisi.

Nilitoka kwenye korido na simu. Nilisoma haraka, jinsi ninavyosoma nikiwa na hofu, mstari mmoja mara tatu. Yote yalisema jambo lile lile: mofini humtia mtu usingizi na kupunguza kasi ya kupumua, na dawa za aina ya Anko nazo humtia mtu usingizi na kushusha presha. Zikikutana bila mtu kupima, zinasukuma upande mmoja. Tumbo nalo linafungwa na zote mbili. Hakuna mahali paliposema zisitumiwe pamoja kamwe. Palisema anayezitoa ajue.

Aliyezitoa hakujua. Hiyo ndiyo ilikuwa shida yote.

Nikaanza kufanya kile ninachofanya. Nisipompa tembe leo, atapumua vizuri, lakini kesho kutwa atageuza kichwa upande, akiwa kitandani na mguu umetundikwa, mahali pa watu wengi wanaoongea wote pamoja. Nikimpa, pengine atasahau kupumua. Nisiposema kitu, wataondoa mofini, atabaki na uchungu, na hatalalamika, kwa sababu alishajifunza kwamba akilalamika huwa ni kichwa. Nikisema, huenda wakaondoa mofini vilevile, kwa sababu nyingine mbaya zaidi. Na mamangu hataniamini tena. Kila njia niliyoichukua akilini ilinirudisha kwenye mkoromo ule unaosimama.

Nikampigia.

"Umempa?" akauliza kabla sijasema chochote. Nilisikia cherehani.

"Bado. Mami, haamki."

"Mwamshe polepole. Mpe uji kwanza."

"Hawezi kumeza uji. Haamki, naona ni zile dawa, ile ya sindano na ile yetu. Zimekuwa nyingi kwake. Sista anadhani ni mofini pekee, anataka kuiondoa."

Cherehani ilinyamaza.

"Mami?"

"Usiseme kitu," akasema. "Nakuja."

Kutoka dukani hadi hospitalini si mbali ukipata bodaboda, lakini sista alikuwa karibu zaidi. Niliporudi kitandani alikuwa tayari amesimama pale na sindano kwenye trei, akimtafuta Anko mshipa.

"Sista, ngoja kidogo," nikasema.

"Nini?"

"Ngoja tu mamangu afike."

"Mama yako atamdunga?"

Jirani wa mabati akacheka kidogo, akaona uso wangu, akaacha.

Nilikuwa na sentensi nzuri sana kichwani. Nilikuwa nimeipanga kwenye korido, ilikuwa na heshima, ilikuwa inamlinda kila mtu. Ilikataa kutoka. Badala yake nilitoa ile tishu mfukoni, nikaiweka kwenye trei karibu na sindano, nikaifungua. Tembe mbili za rangi ya machungwa.

Sista alizitazama. Alikuwa amefanya kazi hiyo muda mrefu, alizijua. Akarudisha kifuniko cha sindano.

"Anapata hizi?"

"Kila jioni."

"Tangu alazwe?"

"Tangu zamani. Na tangu alazwe."

"Nani anampa?"

"Ni mimi," sauti ikasema nyuma yangu.

Mamangu alikuwa amekuja na futi yake ya kupimia ikining'inia shingoni, vipande vya uzi wa kijani kwenye sweta. Alikuwa anahema. Alipita pembeni yangu akaenda kusimama upande wa kichwa cha kaka yake, akaweka mkono kwenye paji la uso wake, na nikaona anasikiliza pumzi ile. Sidhani nimewahi kumwona akisikiliza kitu namna hiyo.

"Ni mimi," akarudia. "Huyu ni mtoto tu, nilimtuma. Kaka yangu ana ugonjwa wa akili. Amekuwa nao tangu akiwa kijana. Hizo dawa zinamsaidia. Nilisema hana dawa yoyote kwa sababu..." Akaishia hapo. Nilidhani atasimulia ile habari ya tumbo. Hakusimulia. "Sista, nakuomba kitu kimoja. Andika hiyo ya akili, ni sawa, andika. Lakini usiandike hiyo halafu ukasahau mguu. Mguu umevunjika kweli. Akisema anasikia uchungu, anasikia."

 Sista alikuwa ameshaanza kuinua upande wa juu wa kitanda, akaniambia nishike mto, akamwekea Anko hewa puani, akamtuma mwenzake kumwita daktari. Alifanya hayo yote bila haraka na bila kupoteza muda. Kisha akamwambia mamangu, "Mguu niliuona kwa picha, mama. Hakuna anayeweza kusahau mguu kama ule."

Mamangu akaketi kwenye kiti cha wageni. Nilimmiminia uji wa Anko kwenye kifuniko cha chupa, na akaunywa wote, akitazama kifua cha kaka yake kikipanda na kushuka.

Daktari alikuwa kijana, pengine tulikuwa chuo miaka ile ile. Nilingoja atugombeze. Alimwita Anko kwa sauti kubwa, akamfinya kidogo begani, akaangalia mboni zake, akahesabu pumzi akiwa ameshika saa. Dawa ya kupindua nguvu za mofini iliwekwa mezani tayari. Haikuhitajika. Ile sindano ya jioni haikutolewa, tembe hazikutolewa, na baada ya muda, wageni wengine wakiwa wanaambiwa muda umekwisha, Anko alifungua macho, akamwona mamangu, akasema, "Umefunga duka?"

"Nimefunga."

"Wiki ya shule?"

"Nyamaza ulale," mamangu akasema, kisha haraka, "Hapana. Usilale. Ongea."

Daktari alituita pembeni. Alisema angempigia mwenzake wa kliniki ya akili ili wapange. Alisema kila dawa peke yake ilikuwa ya kawaida, lakini wao walikuwa wanahesabu moja na mwili ulikuwa unahesabu mbili. Niliuliza swali nililolibeba tangu mchana: ni ipi itaondolewa?

"Hakuna," akasema. "Kwa nini tuondoe? Akikosa ile ya kichwa atasumbuka, akikosa ya uchungu atasumbuka. Tutapunguza mofini, tuongeze za maumivu ambazo hazileti usingizi, na hizo tembe zitatolewa na sista mwenyewe, akishampima kwanza. Na kitu cha kufungua tumbo. Tatizo lilikuwa tu kwamba hazikujuana."

Mamangu alitikisa kichwa kukubali, mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Kisha akaniomba namba ya yule mteja wa kaptula ili amwambie itachelewa, na mimi sikuwa nayo, na tukaondoka.

Hakunigombeza. Tulitembea hadi stendi. Nilikuwa nimeandaa maelezo ya kwa nini nilitoa tishu kabla hajafika, maelezo yenye sehemu kadhaa, na nilipoanza ya kwanza akanishika mkono na kuubana, akasema, "Maitu, tosha." Alinishika hivyo hadi gari langu la Ruiru likajaa.

Siku mbili zilizofuata sikulala vizuri. Niliwaza kwamba sasa faili lake lina lile neno, na faili hutembea kutoka mkono hadi mkono, na si kila mkono ungekuwa kama wa sista wa sweta ya bluu. Niliwaza kwamba mofini iliyopunguzwa haitatosha na hatasema. Nilipiga simu wodini nikauliza anaendeleaje, wakasema vizuri, nikawaza ni vizuri ya aina gani.

Jumamosi mamangu alifunga duka mapema tukaenda pamoja. Anko alikuwa ameketi, ameegemea mito, uso una jasho dogo juu ya mdomo. Jirani wa mabati alikuwa akimhadithia jinsi fundi mwenzake alivyomshikia ngazi akiwa anasoma meseji. Tulikuta daktari yule kijana amefika na wenzake wawili, faili mkononi, lile neno likiwa ndani yake. Nilitazama macho yake yataenda wapi. Yalienda kwa Anko.

"Mzee, habari ya leo? Uchungu wa mguu, kutoka sufuri hadi kumi, ni ngapi?"

Mamangu alifungua mdomo. Miaka yote hiyo, kwenye kliniki, kanisani, dukani, ni yeye aliyejibu: ako sawa, amekula, amelala vizuri. Nilimwona akivuta pumzi ya kujibu. Halafu akaifunga midomo, akaishika futi shingoni mwake kwa mikono yote miwili, akangoja.

Anko hujibu polepole. Ilipita dakika ambayo kwangu ilikuwa ndefu sana. Mmoja wa wale wenzake akaanza kugeukia kitanda kingine, lakini daktari hakusogea.

"Leo ni saba," Anko akasema.

"Saba ni nyingi. Kwa nini hukumwambia sista?"

"Nilikuwa naangalia kama utauliza."

Daktari akaandika. Akasema saba haikubaliki, angeongeza kidogo na angerudi mwenyewe baada ya saa moja kumwona. Kisha akainama karibu, akauliza kwa sauti ya chini ili wodi nzima isisikie, "Na huku juu? Kuna mtu anakuongelesha?"

Anko alifikiria hilo pia. Aliinamisha kichwa kidogo, akasikiliza.

"Ni huyu wa mabati peke yake," akasema.